Jibu kwa dada wa Watamu: mume Mwitaliano, ndoa ya mwaka jana, na uraia wa Kenya

Dada, umesema umeishi na Mwitaliano wako miaka tisa, mkafunga ndoa kwa kadhi mwaka jana, na sasa kuna jamaa anataka shilingi 80,000 amtolee mumeo uraia wa Kenya kwa miezi miwili. Ukauliza pia kama ukichukua pasipoti ya Italia utapoteza ya kwetu. Mimi niko hapa Malindi, mume wangu ni Mwitaliano pia, na njia hii tumeipita.

Pesa zako zitie mkobani. Kifungu cha 15 cha Katiba ya 2010 kinataka mgeni awe kwenye ndoa na raia kwa miaka isiyopungua saba, na hakuna dalali awezaye kuipunguza. Saba hiyo ni ya ndoa, si ya kuishi pamoja. Majirani wanajua, watoto wapo, lakini mbele ya Uhamiaji hizo ni habari za mtaani. Cheti chako ni cha mwaka jana, basi mna mwaka mmoja. Na uraia uliopatikana kwa hila unaweza kufutwa, hilo nalo liko Katibani. (Usiichukie sana hiyo saba. Kwa katiba ya zamani mwanamume wetu akioa mgeni, mke alikuwa na haki ya kusajiliwa kuwa raia; waume zetu sisi wanawake wakibaki wageni tu.)

Cha kukimbilia ni ukaazi wa kudumu. Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011 inamruhusu mume au mke wa raia kuuomba ndoa ikishatimiza miaka mitatu. Kabla ya hapo muombee pasi ya mtegemezi, na akate kitambulisho cha wageni. Mchezo wa kuvuka Lunga Lunga kila baada ya miezi mitatu, kugonga muhuri Horohoro na kurudi kama mtalii, muuache, maana siku faili litakapofunguliwa mihuri ile itaonyesha mtu anayetembea, si mtu anayekaa na mkewe. Ila pasi ya mtegemezi si kibali cha kazi. Akitaka kufungua mkahawa wake wa piza, hicho ni kibali cha daraja la G, na mtaji wanaoutaka ni dola 100,000.

Sasa kitoe hicho cheti ukiangalie jina. Wangu aliposilimu alijiita Yusuf, na kwenye cheti akaandikwa Yusuf peke yake. Pasipoti yake inasema Giuseppe. Afisa aliviweka vyote viwili mezani, akavitazama, akaniuliza, “Mama, huyu Giuseppe ni nani wako?” Ikabidi twende kwa wakili tukaapishe hati ya kiapo kwamba Giuseppe na Yusuf ni mtu mmoja, faili likaanza upya. Kama chako kina jina la Kiislamu tu, lishughulikie mapema, usingoje mwaka wa tatu.

Mahojiano nayo yapo. Sisi tuliingizwa kila mtu peke yake: nani ananunua tokeni za stima, mama mkwe anaitwaje, friji imekaa upande gani wa jiko. Mume wangu hajui bei ya tokeni mpaka leo, lakini friji aliijua.

Waume wengi huku wanataka uraia kwa sababu ya kiwanja. Mwambie mapema: ukaazi wa kudumu haumfanyi raia, na kifungu cha 65 kinampa asiye raia ardhi ya kukodi tu, isiyozidi miaka 99. Kiwanja kikiwa kwa jina lako hilo halikuhusu. Hayo mzungumze nyumbani kabla ya kwenda kwa wakili.

Upande wako ni mwepesi zaidi. Wewe ni raia wa kuzaliwa, na kifungu cha 16 kinasema hupotezi uraia kwa kupata wa nchi nyingine. Unachodaiwa ni kuutangaza huo wa pili ndani ya miezi mitatu. Sheria ya Italia, namba 91 ya 1992, inakutaka miaka mitatu ya ndoa kama mnaishi huku, miwili ya ukaazi kama mnaishi kule, na nusu yake mkiwa na mtoto. Tangu mwisho wa 2018 wanataka pia cheti cha Kiitaliano cha kiwango cha B1. Usijidanganye kwamba unakijua kwa sababu unapiga soga na wateja wa ufukweni. B1 ina kuandika na kusoma, na wengi wanaoongea kama maji wanakwama hapo. Mimi nilirudi kwenye daftari kama mtoto wa shule.

Lakini hakuna kitakachosonga huko kabla ndoa yenu haijaandikishwa kwenye manispaa ya kwao kupitia ubalozini. Kama mumeo hajalifanya hilo, kule bado anahesabiwa kapera. Muulize leo.