Ukitaka chakula halisi cha Kimeksiko Chicago, uliza mkoa na siku

Mgeni akishafika hapa Chicago kutoka nyumbani, ikifika wiki ya pili lazima anipigie simu, kaka huku mnakulaga wapi, baga zimenichosha. Mi jibu langu ni moja tu, twende kwa Wameksiko. Na karibu kila mara nasikia "aah hicho nishakula, cha kawaida", ukimuuliza alikula wapi utakuta ni katikati ya mji, mgahawa umetundika makofia makubwa ukutani, kaletewa taco ngumu inayopasuka kama biskuti, ndani nyama ya kusaga, juu jibini la njano. Hapo huwa naumia kweli kwasababu huyo bado hajala chakula cha Kimeksiko, kala Tex-Mex, upishi wa watu wa Texas kule mpakani. Una wapenzi wake na mi sina ugomvi nao, ila ukiihukumu Meksiko kwa sahani ile unakuwa umewaonea.

Haya ninayoandika niliyajulia jikoni. Nimefanya kazi miaka minne kwenye jikoni la hoteli, nikaanza kwa kuosha vyombo alafu nikahamia kukata mboga, na majikoni ya mji huu yamejaa Wameksiko, hata chakula unachoambiwa ni cha Kiitaliano mara nyingi kimepitia mikononi mwao. Siku moja nikamuuliza mzee mmoja wa Michoacán tuliyekuwa tunasimama naye meza moja, mzee, mgahawa mzuri wa kwenu uko wapi? Hakunijibu. Akaniuliza na yeye: unataka kula nini, na siku gani?

Nilirudi nyumbani nalifikiria lile swali. Sasa chukulia mtu akuulize wewe, chakula kizuri cha Kitanzania kinapatikana wapi? Utamjibuje kwa neno moja? Supu ni asubuhi na chapati, pweza wa Forodhani ni jioni jua likishazama, mtu akienda saa saba mchana hakuti hata jiko, mtori uutafute kwa Wachaga, sato kwa watu wa ziwani. Nao ni hivohivo. Meksiko ina majimbo 31 ukiacha mji mkuu, na mtu wa Oaxaca na mtu wa Sonora wanakula tofauti kabisa. UNESCO ilipoutia upishi wa Meksiko kwenye orodha yake ya urithi mwaka 2010 ilichukua Michoacán kuwa mfano wake, lile jimbo la yule mzee, kwahiyo alikuwa na haki ya kuringa.

Tuanze na kwao basi. Carnitas ni nyama ya nguruwe inayopikwa taratibu kwenye mafuta yake mwenyewe ndani ya sufuria kubwa, masaa kadhaa, mpaka nje inakuwa kahawia na ndani inaachia yenyewe, na kwao ni chakula cha wikiendi. Panda treni ya Pink Line ushukie 18th, kituo chenyewe kimechorwa picha ukutani kuanzia ngazi mpaka juu, hapo ndio mtaa wa Pilsen. Kwenye barabara ileile ya 18 kuna Carnitas Uruapan, wapo tangu 1975 na jina ni la mji wa Uruapan huko Michoacán. Nenda Jumapili asubuhi uone watu waliotoka misa wamepanga foleni na watoto. Nyama wanakupimia kwa ratili, unasema nusu ratili unapewa na tortilla, vile vichapati vyembamba vya mahindi, na salsa, yaani rojo la pilipili, unajitengenezea mwenyewe mezani. Wanakuuliza unataka maciza, yaani mnofu mtupu, au surtida, mchanganyiko wa mnofu na ngozi na vitu vya ndani. Sema surtida, mnofu peke yake unakuwa mkavukavu.

Kama wewe hauli kitimoto usiondoke, nakuja kwenu sasa hivi, kwasababu mbuzi yupo. Birria ya Jalisco ni mbuzi aliyepakwa rojo la pilipili kavu na viungo akapikwa mpaka akalainika kabisa, alafu unaletewa na mchuzi wake pembeni kwenye bakuli, unakatia kitunguu na kotmiri unakamulia ndimu. Kuna sehemu inaitwa Birrieria Zaragoza, barabara ya Pulaski kusini kule karibu na uwanja wa ndege wa Midway, familia imefungua 2007 na kitu wanachokifanya ni mbuzi, basi. Menyu yao fupi na hiyo kwangu ni dalili kubwa kuliko zote. Ukiona mgahawa una kurasa kumi na mbili, una burrito, una fajita, una mole, ule mchuzi mzito wa pilipili, ya Oaxaca na samaki wa Veracruz humohumo, jiulize huyo mpishi katokea wapi hasa. Mole peke yake inataka pilipili kavu za aina tatu nne, ufuta, karanga, chokoleti, na kazi ya siku nzima.

Alafu zile siku. Pozole ukiiona utasema makande, na kweli ni mahindi makubwa meupe yaliyokobolewa yakachemshwa na nyama mpaka yakachanua, unatia kabichi iliyokatwa nyembamba, figili, oregano na ndimu. Watu wa Guerrero wanakula pozole Alhamisi, ni desturi yao kabisa, na ya kwao maarufu ni ya kijani yenye mbegu za maboga. Hapa Chicago watu wa Guerrero ni wengi. Menudo, yaani supu ya utumbo, ni Jumamosi na Jumapili asubuhi, sisi wa supu hiyo hatuhitaji maelezo. Asubuhi ya baridi utakuta mama kasimama na vyungu vyake kwenye kona anauza tamales, ni unga wa mahindi uliojazwa nyama ukafungwa kwenye maganda ya muhindi ukapikwa kwa mvuke, na pembeni anauza atole, ambayo ni uji jamani, uji wa mahindi wa moto mtupu. Mara ya kwanza naonja nilisimama pale barabarani theluji inanidondokea sikutaka kuondoka.

Sasa mahindi. Hapa naomba mnivumilie maana ndio penyewe. Mahindi yalianza kulimwa kwao maelfu ya miaka iliyopita, kwetu yalifika baadae sana kwa meli za Wareno, ila yalivyokuja yalikuja bila ujuzi wao. Wao mahindi hawayasagi makavu kama sisi. Wanayachemsha na maji ya chokaa, yanalala usiku kucha, asubuhi yanaoshwa ganda linatoka, ndio yanasagwa yakiwa na majimaji hivyohivyo kuwa donge. Mahindi yaliyopikwa hivyo wanayaita nixtamal, na ile chokaa ndio inayofungua vitamini iliyojificha kwenye punje, ndio maana waliweza kula mahindi kila siku bila kuugua pellagra, ugonjwa uliowasumbua watu wengi waliochukua mahindi wakaiacha chokaa. Na ndio inayoleta ile harufu. Tortilla iliyotengenezwa hivi inanukia mahindi yenyewe, ni laini, ukiikunja haipasuki, ukiiweka kwenye kaango bapa kama la chapati inafura. Kwahiyo nikiingia mahali pageni sijawahi kula, kitu cha kwanza nakula tortilla tupu na chumvi. Kama ni baridi na inakatikakatika nakunywa soda yangu naondoka. Wengine wanajitengenezea, wengine wananunua kwa viwanda vya hapahapa kama El Milagro, kipo tangu 1950, na hiyo sio aibu hata kidogo, mradi imepashwa vizuri. Ila msije mkasema tortilla ya ngano ni feki, watu wa kaskazini, Sonora na Chihuahua, ngano ndio yao.

Usiku tafuta trompo. Utaijua tu, ni shawarma, nyama imepangwa kwenye chuma kilichosimama inazunguka motoni, juu kakaa nanasi. Walebanoni waliohamia Puebla ndio walioleta huo upishi, Wameksiko wakaweka nguruwe na pilipili nyekundu wakaita al pastor. Kama kwenye menyu imeandikwa al pastor na hakuna chuma kinachozunguka, hiyo imekaangwa kwenye bati tu, agiza kitu kingine.

Ndugu zangu Waislamu, shida kubwa sio nyama unayoiona, ni mafuta usiyoyaona. Maharage ya kupondwa mara nyingi yamekaangwa kwa mafuta ya nguruwe, tamales zinakandwa nayo, tortilla za ngano pia. Neno ni manteca. Uliza wazi, "¿lleva manteca?", hawakasiriki, wanakwenda kuuliza jikoni wanarudi na jibu. Kimbilio zuri ni sehemu za mariscos, vyakula vya baharini, hasa za watu wa Nayarit ambao hapa wapo. Omba pescado zarandeado, samaki mzima kapasuliwa akafunguliwa, kapakwa rojo, kachomwa makaa. Mtu wa pwani akimwona atamkumbuka wa kupaka.

Kwenye simu mi siangalii nyota. Naangalia maoni yaliyoandikwa kwa Kihispania na picha za mezani, nani kakaa pale, kuna bibi na wajukuu au ni vikombe vya pombe ya margarita tupu. Salsa ziko mbili za kusagwa pale au ni ya chupa. Na usidharau maduka, mtaa wa Little Village kwenye barabara ya 26, ukishapita lile tao limeandikwa Bienvenidos, kuna maduka ya nyama yenye kijimgahawa nyuma kabisa baada ya mboga, unapita katikati ya mafungu ya nopales, yale majani ya dungusi kakati, mpaka unakuta kaunta yenye viti sita. Beba keshi.

Ukishakaa uliza maswali mawili. "¿De qué parte son ustedes?" nyie ni wa wapi, na "¿qué tienen solo los fines de semana?" mna nini cha wikiendi tu. Swali la kwanza nimeona linabadilisha sura ya mtu, dada wa kaunta anayekuhudumia haraka haraka anasimama, anakwambia Guerrero, anataja mpaka kijiji, anakuuliza na wewe wa wapi. Nikisema Tanzania anauliza huko mnakula nini, nasema mahindi. Alafu naagiza na maji ya tamarindo, ambayo ni ukwaju wetu uleule, na yeye hajawahi kusikia kwamba mti huo asili yake Afrika, basi namsimulia huku ananipimia ratili yangu ya nyama.