Kuondoa pesti ya joto iliyokauka kwenye prosesa

Ndugu yetu wa Nakuru, umeeleza kwamba kipakatalishi chako cha mtumba kinachemka hadi kinajizima, na kwamba umeshauriwa uikwangue pesti ya joto ya zamani (ule uji mzito unaopitisha joto kutoka kwenye prosesa, yaani chipu kuu ya kompyuta, hadi kwenye kipoza) kwa bisibisi kisha ufute kwa petroli. Nakusihi usifanye lolote kati ya hayo. Hapa Kisumu ninakofanyia kazi ya kutengeneza kompyuta, prosesa nyingi ninazoletewa zikiwa zimekufa baada ya kusafishwa hazikuuawa na pesti, bali na nguvu iliyotumika kuiondoa.

Prosesa ya kipakatalishi, tofauti na ile ya kompyuta ya mezani, kwa kawaida haina kifuniko cha chuma. Kile kipande kinachong'aa katikati ni silikoni tupu, ambayo huvunjika kama kioo. Pembe yake ikimeguka, mara nyingi ndio mwisho wa mashine. Kandokando yake mara nyingi huwa kuna vijisehemu vidogo mno vilivyolehemewa, navyo hung'oka kwa kuguswa na ncha ya chuma. Ndiyo sababu ninasisitiza kwamba kazi ya kulainisha uiachie dawa, wala si mkono wako.

Dawa yenyewe ni alkoholi ya isopropili ya asilimia 99, au angalau 90. Ile ya asilimia 70 pia husafisha, lakini sehemu kubwa inayobaki ni maji, kwa hiyo itakubidi usubiri muda mrefu zaidi ikauke, hasa katika unyevu wa huku ziwani. Spiriti ya duka la dawa isome lebo kwanza, kwa kuwa nyingine hutiwa mafuta yanayobaki juu ya chuma. Vitakasa mikono vina gliserini, dawa ya kutolea rangi ya kucha yenye asetoni huyeyusha baadhi ya plastiki, na mvuke wa petroli hushika moto kwa cheche ndogo tu. Hata alkoholi yenyewe huwaka, basi fungua madirisha na ukae mbali na jiko.

Zima mashine, chomoa chaja, na utenganishe betri na bodi kabla ya jambo jingine lolote. Legeza skrubu za kipoza joto, kile chuma kilichokalia prosesa ili kuondoa joto lake, kidogo kidogo kwa zamu. Zikiwa zimeandikwa namba, anza na namba ya mwisho ukirudi hadi ya kwanza. Kipoza kikigoma, usikichokonoe. Kirudishie skrubu zake, unganisha betri, iwashe mashine kwa dakika chache pesti ipate joto na kulainika, kisha izime na kutenganisha betri tena, ukizungushe kipoza taratibu kushoto na kulia. Wenye kompyuta za mezani zenye prosesa za kampuni ya AMD na soketi (kikalio cha prosesa kwenye bodi) ya aina ya AM4 wazingatie hili zaidi, kwa sababu kipoza kikivutwa wima huweza kuing'oa prosesa kutoka kwenye soketi iliyofungwa na kupinda pini zake.

Lowesha kitambaa kisichotoa nyuzi, au karatasi ya kuchujia kahawa, bila kumwaga alkoholi moja kwa moja kwenye bodi. Kilaze juu ya pesti kwa dakika moja hivi, kisha futa kutoka ukingoni kuelekea katikati, ukibadilisha upande safi kila mara. Kukwangua kwa kadi ya plastiki kunaruhusiwa kwenye shaba ya kipoza pekee. Zile pedi laini zilizo juu ya chipu za kumbukumbu ziache zilivyo. Zikichanika, tafuta nyingine za unene uleule, kwa kuwa pesti haiwezi kuziba pengo lake.

Ukikuta kimiminika cha chuma kinachong'aa badala ya pesti, simama hapo hapo. Hicho kina galiamu, hupitisha umeme na hula alumini, kwa hiyo mpelekee fundi aliyewahi kukishughulikia.

Prosesa na kipoza vikishakauka kabisa, paka pesti mpya kwa tabaka jembamba linalofunika silikoni yote, kaza skrubu kwa mfuatano wa namba, na betri uiunganishe mwisho. Kisha hakikisha feni inazunguka kabla hujafunga kifuniko.