Sinki Kwanza, Kabati Baadaye

SWALI: Shikamoo fundi. Nimehamia kwenye nyumba yangu hapa Muheza, ila jikoni bado patupu. Ukuta wa dirishani una urefu wa mita 3. Seremala anataka kunitengenezea kabati zima la MDF, sinki likae juu yake. Shemeji yangu anasema nimwage zege nibandike marumaru. Nimsikilize nani?
*Mama wa watoto wanne, Muheza*

JIBU: Marahaba, mwanangu, na hongera kwa nyumba. Msikilize shemeji yako. Seremala mpe milango.

MDF ni unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi. Pakavu haina neno. Ikinywa maji pale ilipokatwa inavimba, na ikishavimba hairudi. Sasa uiweke chini ya sinki, tena kwa unyevu wa Tanga? Hapana.

Kabla fundi hajashika mwiko, nunua sinki. Wengi hutoboa kwa kukisia, kisha wanazunguka madukani kutafuta sinki la kuenea tundu. Chukua lenye bakuli moja pana, kina sentimita 20 hivi. Ya bakuli mbili yanavutia dukani, lakini sufuria la pilau la shughuli haliingii upande wowote.

Jenga vijiukuta vya tofali, visiachane zaidi ya mita 1, ndivyo vibebe meza ya upana wa sentimita 60. Kimo mafundi wamezoea sentimita 90. Wewe usikubali tu: simama, kunja mkono, pima toka sakafuni hadi kiwiko, toa sentimita 10 hadi 15. Mgongo ni wako, si wa fundi.

Zege liwe ndoo 1 ya saruji, 2 za mchanga, 3 za kokoto ndogo, unene inchi 3, na nondo ndani. Mahali pa sinki pawekwe boksi la mbao kabla ya kumwaga, tundu litoke lenyewe. Ukisubiri kukata, utakutana na nondo. Boksi lipungue kidogo kuliko mdomo wa sinki kila upande, ili mdomo upate pa kukalia. Mwagilia siku 7, mbao za chini zisiguswe, ndipo ubandike marumaru. Sinki likishakaa, pitisha silikoni kuzunguka mdomo wote.

Milango nakushauri mtiki. Shamba la miti la Longuza liko hukohuko wilayani kwenu. Hakikisha mbao zimekauka, la sivyo milango itapinda.

Ila milango isifungwe kwanza. Mwambie fundi bomba asisahau kuweka kile kipande cha bomba kilichopinda chini ya sinki: maji yanayobaki humo ndiyo yanayozuia harufu ya shimo. Kisha jaza sinki hadi juu, tandika gazeti kavu chini ya maungio, yafungulie maji yote kwa mkupuo. Gazeti likilowa hata tone, kaza upya, ujaze tena. Likibaki kavu, mwite seremala.