Mzee anayepaliwa kila mlo hasemwi na mtu

Kwetu Tanga mtu akipaliwa huambiwa kuna anayemtaja huko. Mama alipoanza kupaliwa na chai kila asubuhi, miezi michache baada ya kiharusi, nasi tulimwambia hivyo hivyo, tukampigapiga mgongo, mlo ukaendelea. Haukupita mwezi akalazwa kwa nimonia. Hakuwa na homa kali. Alikuwa amelegea, hataki kula, anachanganya majina yetu, na pumzi zinakwenda mbio. Tulidhani ni uzee tu. Kumbe chakula, chai na hata mate vilikuwa vikipotea njia na kuingia mapafuni.

Wewe unayelea mzee, msikilize sauti yake baada ya kumeza. Mwombe aseme "aaa". Ikitoka na majimaji, kama mtu anayesukutua, kuna kitu kimebaki kooni. Angalia pia kama chakula kinabaki shavuni, au sahani moja inamchukua saa nzima. Na usingoje kikohozi, maana wapo wazee ambao chakula huingia njia ya hewa na wasikohoe hata kidogo.

Kosa letu kubwa lilikuwa huruma. Tulimlisha Mama akiwa ameegemea mito kitandani, tukiona tunampumzisha. Siku hizi anakaa kwenye kiti, mgongo wima, miguu imegusa sakafu, na mimi naketi mbele yake. Nikisimama analazimika kuinua uso, na uso ukiinuka njia ya hewa inakuwa wazi zaidi. Kikombe nacho kina mtego huo: kikikaribia kuisha, mtu hurudisha kichwa nyuma ili amalize, kwa hiyo namwongezea kabla hakijafika chini. Akishakula, halali kwa muda wa nusu saa au zaidi. Na akiwa anasinzia simlishi. Uji utapashwa moto baadaye.

Lakini kilichonishtua zaidi ni kinywa. Wodini, muuguzi mmoja alizungusha kitambaa chenye unyevu kwenye kidole, akampangusa Mama ndani ya shavu na juu ya ulimi. Kitambaa kilitoka na utando wa njano na kipande cha ndizi ya jana yake. Akanieleza kwamba vijidudu vya kinywa kichafu hushuka na mate, hata kwa mzee ambaye hajala kitu, na vikifika mapafuni ndipo nimonia inapoanzia. Nilisikia aibu, kwa sababu nilikuwa namwogesha Mama kila siku na kumpaka mafuta, lakini mswaki nilikuwa nimeusahau. Sasa ni mswaki laini asubuhi na usiku, ulimi pia, na baada ya kila mlo nakagua mashavu. Meno yake ya bandia yanavuliwa usiku na kusuguliwa.

Upande wa chakula, wengi huogopa vyakula vigumu, kumbe maji na chai ndivyo vilivyomsumbua Mama zaidi, kwa sababu hukimbia kabla koo halijajifunga. Supu yenye vipande pia ni ngumu, na wali mkavu hutawanyika mdomoni. Mtori uliopondwa vizuri, uji mzito na parachichi vinashuka bila shida. Ila usianze kumzidishia uzito kila kinywaji kwa kukisia. Tulijaribu, Mama akakataa kunywa, midomo ikapasuka na mkojo ukawa mweusi kama chai ya rangi. Mwombe daktari akupe rufaa kwa mtaalamu wa tiba ya usemi. Licha ya jina hilo, ndiye anayepima pia umezaji. Si kila hospitali anapatikana, lakini ulizia. Vidonge navyo usivisage kabla ya kumuuliza mfamasia, kwani vipo visivyotakiwa kusagwa.

Na mzee akianza kuhema haraka, kuchanganyikiwa ghafla au kulegea kuliko jana, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, hata kama mwili hauna joto.

Leo asubuhi Mama amekunywa chai yake ya tangawizi kwa kijiko, kama mtaalamu alivyoturuhusu. Nusu kikombe, dakika 25. Nikamwomba aseme "aaa". Sauti ikatoka kavu.