Ukitaka Kuijua Linux, Iharibu

Wiki iliyopita nilipigiwa simu kutoka ofisi ileile iliyowahi kuninyima kazi. Seva yao, inayoendeshwa na mfumo wa Linux, imegoma kuwaka, fundi wao yuko safarini. Aliyepiga ndiye aliyenisaili enzi zile na kucheka mbele ya wenzake kwa sababu sikuwa na cheti. Nikamwambia anisomee maandishi ya kwenye skrini. Tatizo lilikuwa mstari mmoja katika /etc/fstab, faili linaloueleza mfumo ni diski zipi za kuunganisha unapowaka. Walikuwa wamechomoa diski moja bila kufuta mstari wake. Sikumkumbusha kile kicheko. Naamini anakikumbuka.

Nililijua tatizo hilo kwa sababu nimelisababisha makusudi mara nyingi, na hiyo ndiyo njia ninayowashauri wote wanaoniuliza waanzie wapi.

Weka VirtualBox, programu inayounda kompyuta ya kubuni ndani ya kompyuta yako, kisha usakinishe Debian, mojawapo ya matoleo ya Linux, ndani yake. Ukiombwa nywila ya root, yaani msimamizi mkuu wa mfumo, iweke, usipite tu, utaihitaji punde. Hifadhi snapshoti, yaani nakala ya hali ya mashine unayoweza kuirudia, kabla ya kugusa chochote. Sasa fungua fstab kwa nano, programu ya kuhariri maandishi, ongeza mstari wa diski isiyokuwepo, washa upya. Mfumo utaingoja diski hiyo kwa sekunde 90 hivi, uikose, kisha ukuache kwenye hali ya dharura: skrini nyeusi, maandishi matupu. Moyo utakwenda mbio. Snapshoti usiikimbilie. Ingia kwa nywila ya root, andika journalctl -xb kuona kumbukumbu za mfumo, soma taratibu mpaka uione diski inayolalamikiwa. Kisha rudi kwenye fstab, ufute ule mstari, uwashe upya. Faili likikataa kuhifadhiwa, andika mount -o remount,rw / ili diski ikubali kuandikwa, kisha ujaribu tena.

Siku nyingine ijaze diski mpaka huduma zianze kufa, umsake mhalifu kwa df na du, amri zinazoonyesha nafasi ya diski ilivyotumika. Au jifungie nje ya ssh, njia ya kuingia kwenye mashine ukiwa mbali. Amri kama ls, cd na cp hazihitaji kukaririwa, zitakukaa vidoleni zenyewe.

Kuhusu toleo lipi ni bora, Ubuntu au Fedora au Mint, watu hukesha wakibishana na asubuhi hakuna aliyesakinisha hata moja.

Jamani, acheni kubandika amri za mtandaoni msizozielewa, hasa zinazoanza na sudo, inayozipa mamlaka ya root. Andika man na jina la amri, usome mwongozo wake. Inachosha, najua. Someni hivyo hivyo. Wala msingoje cheti ndipo mjione mnastahili kugusa seva. Linus Torvalds, aliyeianzisha Linux, alipoutangaza mradi wake mwaka 1991 alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu Helsinki, na mwenyewe aliuita wa kujifurahisha tu. Sijui yule bwana angemsaili vipi.

Ukishaweza kuirekebisha fstab bila kurudi kusoma hapa, futa mashine yote, sakinisha upya, uharibu kitu kingine. Safari hii bila snapshoti.