Soma Kazi Kabla ya Kusoma Kibao: Hatari za Uchomeleaji na Alama Zake

Msomaji mmoja aliye katika mafunzo ya uchomeleaji ameniandikia kwamba amekariri alama zote za usalama zilizomo katika kitabu chake, lakini anahofia kuwa siku atakapoachiwa kazi peke yake hatajua aangalie wapi. Ameuliza kama kuna namna ya kujizoeza kuiona hatari yenyewe, na si picha yake tu. Nimelirudia swali hilo mara nyingi kwa sababu jibu lake mimi nililipata kwa gharama, na kwa sababu kijana anayeuliza hivi ana dalili zote za kuwa fundi wa kutegemewa, jambo ambalo naamini kila anayesoma hapa analitamani.

Kuhusu alama zenyewe sitakawia, maana wengi wenu mmeshazifahamu. Katika kiwango cha kimataifa cha ISO 7010, umbo na rangi husema kabla ya picha: duara jekundu lenye mstari wa mshazari linakataza, duara la buluu linaamuru, pembetatu ya njano yenye ukingo mweusi inaonya, mraba au mstatili wa kijani unaonyesha njia ya kutokea au mahali pa huduma ya kwanza, na mraba mwekundu unaonyesha kilipo kifaa cha kuzimia moto. Anayeyajua maumbo haya anaweza kukitambua kibao kilichojaa masizi akiwa bado mbali, kabla hajaona kimechorwa nini.

Kwenye makopo na mapipa kuna alama za namna nyingine, almasi nyeupe yenye ukingo mwekundu, na hapo ndipo ninapoona wanafunzi wengi wakijikwaa. Mwali wa moto peke yake una maana kwamba kilichomo kinawaka. Mwali uliokaa juu ya duara una maana kwamba kilichomo kinachochea vitu vingine viwake, hata kama chenyewe hakiwaki, na hiyo ndiyo tabia ya oksijeni. Mtu asiyezitofautisha picha hizi mbili atauogopa mtungi wa asetilini, gesi inayowaka, ipasavyo, kisha atapaka grisi kwenye nati ya regulata ya oksijeni, yaani kifaa cha kupunguza mgandamizo wa gesi inayotoka mtungini, ili ifunguke kwa urahisi, bila kujua kwamba mafuta yakikutana na oksijeni yenye mgandamizo mkubwa yanaweza kulipuka moto bila kiberiti wala cheche.

Sasa nieleze jinsi nilivyojifunza kwamba alama ni nusu tu ya habari. Nilikuwa bado fundi mdogo katika karakana ambayo sitaitaja. Msimamizi aliniletea pipa la chuma akaniagiza nilikate katikati kwa gesi, akisema ni tupu na kwamba lilikaa wazi tangu jana yake. Nililizungusha taratibu sakafuni kabla ya kugusa mitungi. Upande uliokuwa umelala chini ulikuwa na mabaki ya karatasi iliyochanika, na juu ya kipande hicho palibaki pembe moja ya almasi nyekundu na ncha ya mwali. Jina la kilichokuwamo lilikuwa limekwenda na karatasi. Nikatazama kitako, pale bati linapokunjwa kuungana na ubavu wa pipa, nikaona mstari mwembamba mweusi wenye unyevu ulionasa vumbi kuzunguka pipa zima.

Nilimwambia kwa heshima zote, "Mzee, pipa hili siwezi kulikata kabla halijasafishwa na kupimwa." Akanijibu mbele ya wenzangu kwamba fundi anayeogopa moto akatafute kazi nyingine. Jioni ile kibarua changu kikaota nyasi. Pipa lenyewe halikukatwa, kwa kuwa hakuna mwenzangu aliyekubali kulishika baada ya kuniona nimesimama, lakini pia hakuna aliyefungua kinywa kunitetea, na hilo linaniuma hadi leo kuliko ujira nilioupoteza. Jina la mwoga lilinitangulia katika karakana nilizoomba kazi baada ya hapo.

Wengi wanadhani pipa lililojaa mafuta ndilo la kuogopwa. Mara nyingi lililomwagwa ndilo baya zaidi, kwa sababu ndani yake sasa kuna hewa, na kimiminika kidogo kilichojificha kwenye mikunjo ya bati kinapopata joto hugeuka mvuke na kuchanganyika na hewa hiyo. Kuliacha wazi usiku kucha hakuondoi kilichojificha kwenye mkunjo. Kunusa pia si kipimo, kwa kuwa pua haijui ni kiasi gani cha mvuke kinatosha kulipuka. Chombo cha namna hiyo husafishwa kikamilifu, hupimwa kwa kifaa cha kupimia gesi, na inapobidi hujazwa gesi isiyowaka, chini ya mtu anayeijua kazi hiyo. Bila hayo, usikikate.

Mwezi uliopita, katika kiwanda ninachofanyia kazi sasa, nilikabidhiwa jukumu la kutia saini vibali vya kazi za moto, yaani hakuna anayewasha mwali wala mashine ya kuchomelea nje ya karakana mpaka niwe nimepakagua mahali penyewe. Katika usaili waliniuliza kama nimewahi kukataa kazi na kwa nini, nami nikawasimulia habari ya lile pipa. Najivunia cheo hiki na sioni haya kusema hivyo, kwa kuwa kile kile kilichofanya niitwe mwoga ndicho kilichofanya nipewe kalamu. Kijana unayetaka kufika mbali katika ufundi huu, jifunze kusimama tuli kabla ya kuwasha na kujiuliza: chuma hiki kimebeba nini, kimepakwa nini, kuna nini nyuma yake, na hewa ninayovuta inatoka wapi? Hatari nyingi za kazi yetu hazina kibao. Zina dalili tu, na dalili humfunulia anayetazama.

Chukua mwanga. Miale ya mwali wa umeme, yaani ule mwanga mkali wa mashine ya kuchomelea, huunguza uso wa jicho bila maumivu yoyote wakati huo, kisha baada ya saa 6 hadi 12 hivi mtu huamka usiku akihisi mchanga umejaa machoni, macho yanatiririka na hawezi kuitazama taa. Kwa sababu madhara huchelewa, majeruhi wengi hawayahusishi na kazi ya mchana. Anayeumia mara nyingi ni msaidizi aliyeshika chuma na kugeuza uso tu, au mpita njia. Kwa hiyo unapoona duara la buluu lenye picha ya ngao ya uso, elewa kwamba amri ile inamhusu kila aliye mahali ambapo mwanga unafika, pamoja na unaorudishwa na ukuta uliopakwa rangi ya kung'aa. Tumia pazia la kuchomelea. Kagua pia namba iliyo kwenye kioo, inayoonyesha kiza chake: kioo cha namba 5 kinachofaa kwa kazi nyingi za gesi hakifai kabisa kwa mwali wa umeme, ambao kwa kawaida huhitaji namba 10 hadi 13 kulingana na mkondo wa umeme.

Moshi nao unahitaji macho ya namna hiyo hiyo. Mwaka 2017 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, ambalo ni chombo cha Shirika la Afya Duniani, liliuweka moshi wa uchomeleaji katika kundi la 1, yaani kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Hiyo ni hatari ya miaka mingi. Ipo pia ya siku hiyo hiyo: ukichomelea chuma kilichopakwa zinki utaona moshi mweupe mzito na vipande vyepesi vikielea, na saa chache baadaye utashikwa na homa, baridi, kiu na maumivu ya mwili yanayofanana na mafua makali, ambayo kwa kawaida huisha ndani ya siku moja au mbili. Wachomeleaji wengi wanaamini kwamba kunywa maziwa huondoa madhara hayo. Naomba niseme bila kuficha kwamba maziwa huingia tumboni na moshi huingia mapafuni, na kinga iliyo ya kweli ni kuondoa zinki mahali pa kuchomelea, kuvuta moshi kwa mashine karibu na mshono, kukaa upande ambao moshi hauji usoni, na kuvaa barakoa yenye kichujio kinachofaa.

Chuma cha pua kisichoshika kutu hakitoi dalili iliyo wazi namna hiyo, ilhali moshi wake una kromu yenye valensi 6, aina ya kromu yenye sumu ambayo husababisha saratani ya mapafu. Na kama kipande kimesafishwa kwa dawa ya kuondolea mafuta yenye klorini, usikiwashie mwali kikiwa bado na unyevu, kwa kuwa mvuke wake ukikutana na joto na miale huweza kutoa gesi ya sumu iitwayo fosjini. Hapa dalili ni kopo lenyewe lililoachwa mezani. Lisome.

Gesi inayonitisha kuliko zote haina rangi, haina harufu na wala haiwaki. Ni agoni, inayotumika kukinga mshono usiguswe na hewa. Kwa kuwa ni nzito kuliko hewa, hutuama ndani ya tangi, shimo au bomba kubwa na kuisukuma oksijeni nje. Hewa ya kawaida ina oksijeni karibu asilimia 21, na viwango vingi vya usalama huhesabu kuwa iliyo chini ya asilimia 19.5 haifai kuvutwa. Mwili hautoi onyo la kuaminika, mtu huanguka tu. Kisha mwenzake humkimbilia ndani kumvuta, naye huanguka juu yake. Ukiona pembetatu ya njano kwenye mdomo wa tangi, au hata usipoiona, usiingize kichwa kabla ya hewa kupimwa, na mwenzako akianguka ndani, ita waokoaji wenye vifaa vya kupumulia. Najua ni vigumu kusimama nje huku mwenzako amelala ndani, lakini kuingia bila kifaa ni kuongeza wa kuokolewa.

Kwenye mitungi, zipo alama ambazo vitabu vingi hupita juu juu ilhali mkono unazigusa kila siku. Nati za gesi inayowaka zimetiwa mikato midogo kwenye pembe zake, na maana ya mikato hiyo ni kwamba uzi wake wa skrubu hufungwa kwa kuzungusha kushoto, ili bomba la asetilini lisiweze kufungwa kwenye oksijeni. Ukikuta nati inagoma, usiilazimishe, huenda inakukatalia kosa. Kwenye regulata ya asetilini utaona eneo jekundu linaloanzia karibu psi 15, sawa na baa 1 hivi. Ukipandisha kanieneo, yaani mgandamizo, ya kutolea gesi kupita hapo, asetilini inaweza kuvunjika yenyewe na kulipuka hata bila hewa. Mtungi wake husimamishwa wima kwa sababu ndani yake gesi imeyeyushwa katika asetoni, na ukilazwa asetoni hiyo inaweza kutoka pamoja na gesi. Wala usiamini rangi ya mtungi peke yake, kwa kuwa rangi hutofautiana baina ya nchi na nchi. Soma jina lililoandikwa.

Kuhusu umeme nitasema machache. Mashine nyingi zisipokuwa na mzigo, yaani zimewashwa lakini hazichomelei, huwa na volti 60 hadi 80 kwenye kishikio cha elektrodi, ile fimbo ya kuchomelea, na watu huziona ni kidogo. Kwa mwili uliolowa jasho, uliopiga magoti juu ya chuma ndani ya nafasi finyu, zinatosha kuua. Kabla ya kuunganisha umeme, pitisha waya mkononi ukiwa umevaa glavu kavu, na ukague hasa pale unapoingia kwenye kishikio, kwa kuwa ndipo hujikunja kila mara na ndipo gamba lake hupasuka kwanza.

Kuna jambo moja la vibao ambalo wenye karakana wanapaswa kuambiwa bila kuzungukwa. Kibao kinachoonya juu ya mashine iliyoondolewa zamani, au kilichofifia mpaka njano imekuwa nyeupe, kinawafundisha vijana kupita bila kusoma, na kijana aliyezoea kupita hivyo atakipita hata kile cha kweli. Ondoeni visivyohusika na mbadilishe vilivyochakaa. Nimeomba hivyo kwa maandishi katika kiwanda chetu na sitaacha kuomba.

Mwisho ni cheche, ambazo huruka hadi kama mita 11 na hupenya kwenye nyufa za sakafu na matundu ya ukuta. Kabla ya kutia saini kibali huwa nazunguka upande wa pili wa ukuta, kwa kuwa joto hupita kwenye chuma na kuwasha kilichoegemezwa huko. Kisichoweza kuondolewa hufunikwa kwa blanketi lisiloshika moto. Mtu mmoja hupewa kazi ya kulinda tu, akiwa na mtungi wa kuzimia moto mkononi, na haruhusiwi kushika kazi nyingine. Mchomeleaji akimaliza na kuzima mashine, mlinzi hubaki pale si chini ya nusu saa, nami hudai saa nzima, kwa sababu cheche iliyoangukia kwenye vumbi la mbao huweza kufukuta muda mrefu kabla ya kuwaka. Muda huo ukiisha, ukuta hushikwa kwa nyuma ya mkono pande zote mbili, na ukiwa bado na joto hakuna anayeondoka.