Bendi changa za roki, pigeni nyimbo zenu

Kila bendi changa ya roki hapa Nairobi huambiwa jambo lile lile na mwenye baa: pigeni nyimbo ambazo watu wanazijua. Simlaumu, yeye anauza bia. Ila mtu aliyefuata kopi, yaani wimbo wa wengine, tuseme wa Nirvana ya Marekani, ataridhika na bendi yoyote inayoipiga vizuri. Wiki ijayo yuko kwingine, na jina lenu hata hakulishika.

Mimi napiga besi, na kwenye shoo zetu kopi ni moja au mbili, tena hatufungui nazo. Wimbo wetu wenye kiitikio chepesi tunauweka wa pili, watu wakiwa bado wanasikiliza, na kiitikio tunakirudia zaidi kuliko kwenye rekodi. Msiseme "huu ni wetu mpya, mtuvumilie." Ukishaomba uvumiliwe, watu wanatoa simu.

Kinachoua nyimbo ngeni mara nyingi ni mitambo ya sauti. Kopi ikipigwa, hata sauti ya mwimbaji ikizama, msikilizaji anajijazia maneno kichwani. Wimbo wenu hana pa kuujazia. Kwa hiyo fikeni mapema, mjaribu vyombo na fundi mitambo akiwa hana presha, na mpiga gitaa akubali kupunguza amplifaya yake. (Hatakubali. Mwambieni tena.) Mmoja wenu asimame nyuma ya ukumbi, asiposikia maneno ya ubeti wa kwanza, bado hamjawa tayari.

Halafu imbeni mambo ambayo bendi ya Seattle kule Marekani haiwezi kuyaimba. Crystal Axis, bendi ya roki ya panki ya hapa hapa Nairobi, wameimba kuhusu Nyayo House, jengo ambalo watu waliteswa kwenye vyumba vyake vya chini enzi za Moi. Mkenya hahitaji kufafanuliwa hilo. Duma, wawili wa hapa Nairobi, nao walikuwa na muziki mkali kiasi kwamba sijui ni baa gani ingewavumilia, lakini albamu yao ilitolewa mwaka 2020 na Nyege Nyege Tapes, lebo ya muziki ya Kampala, na ikasikika hadi Ulaya. Zambia ndiyo imetutangulia wote: bendi ya Witch walipiga roki yao miaka ya 1970, na miongo baadaye rekodi zile zikachapishwa upya Marekani, mwimbaji wao Jagari akarudi jukwaani akiwa mtu mzima. Wangerekodi kopi za Rolling Stones, nani angezitafuta?

Mashabiki mtawapata mmoja mmoja. Baada ya shoo msikimbilie nyuma ya jukwaa. Shukeni, muulize majina, mkiruhusiwa mchukue namba. Kundi la WhatsApp la watu wachache wanaokuja kweli, wakilipa kiingilio kwa M-Pesa kabla ya siku yenyewe, linamshawishi mwenye ukumbi kuliko maelfu wanaobonyeza tu mtandaoni kwamba wamependa. Na msipige Westlands kila wikendi. Shabiki akijua mpo Jumamosi ijayo, ya leo ataiahirisha. Nendeni Nakuru, nendeni Thika, hata kama nauli itakula malipo yote.

Kabla ya kuingia studio, andikishaneni nani ametunga nini na mgao utakuwaje, kisha msajili nyimbo KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya. Yafanyeni hayo sasa, wakati hela bado hazipo na mnapendana.